Wachochea Makaa Wetu na Daftari za Ugenini

Katika nyumba nyingi za Unguja, za Mombasa, za Lamu na za Ngazija hapakosi hadithi ya mzee mmoja aliyepanda meli ya Wazungu angali kijana, akazunguka bandari za dunia, kisha akarudi na sanduku la bati, saa ya mfukoni na maneno machache ya kigeni yasiyofaa kutamkwa mbele ya watoto, au asirudi kabisa. Hadithi hiyo aghalabu husimuliwa kwa fahari, na katika kusimuliwa kwake mzee hupandishwa cheo kila kizazi: wanawe walimjua kuwa ni baharia, wajukuu wakamfanya serahangi, na vitukuu leo hawakubali ila alikuwa nahodha. Mimi sina ugomvi na fahari ya mtu juu ya mzee wake. Lakini lau wote waliosafiri wangalikuwa manahodha, sijui ni nani angalitia makaa tanurini. Neno langu leo ni kwamba habari za wazee hao, vyeo vyao, ujira wao, umri wao na mahali walipoteremka, ziliandikwa kwa mikono ya makarani wa ugenini katika karatasi ambazo nyingi zingaliko mpaka hivi sasa, na kwamba kutozitafuta kwetu ni uzembe ambao hatuna wa kumsingizia.

Asili ya jambo hili ni makaa ya mawe. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na kampuni ya British India ikapata mwaka 1872 kazi ya kuchukua barua baina ya Aden na Unguja, mwambao wetu uliingia katika njia za merikebu za moshi, na merikebu za moshi zilihitaji watu wa namna ambayo jahazi halikuwahi kuihitaji: watu wa kushinda tumboni mwa chombo, mmoja akisukuma makaa kutoka ghalani, mwingine akiyatupa motoni kwa sepetu, zamu ya saa nne kisha mapumziko ya saa nane, usiku na mchana, hata chombo kifike. Katika Bahari ya Sham, wakati wa kiangazi, upepo ukivuma kutoka nyuma kwa kasi ile ile ya meli hata pasiwe na hewa inayoingia chini, kazi hiyo iliua watu. Wenye meli walisema kwamba watu wa nchi za joto wanaivumilia kuliko Wazungu, hoja iliyowafaa sana, kwa kuwa mtu wa nchi za joto aliyeandikishwa Bombay au Aden hakulipwa hata nusu ya ujira wa Mzungu aliyefanya kazi hiyo hiyo.

Waingereza waliwaita watu wetu hao kwa jina la Sidi, walilolikuta Bombay, na wakaliandika kwa tahajia zao mbalimbali katika daftari za meli za biashara na za manowari pia. Katika makaburi ya kale ya Seaforth, huko Simon's Town karibu na Cape Town, wamezikwa baadhi yao, pamoja na mabaharia wa Kikru wa Afrika Magharibi, na asiyejua habari hii akipita pale hawezi kudhani kuwa chini ya udongo ule kuna watu waliosema Kiswahili.

Wengi miongoni mwao walikuwa watumwa waliokombolewa au wana wa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria mwaka 1897; baina ya tarehe hizo mbili, na hata baada yake, kijana asiye na shamba, asiye na ukoo wa kumtetea, na ambaye jina lake la Feruzi au Mabruki au Almasi lilimtangaza kwa kila aliyelisikia, aliona katika ngazi ya meli njia ya kupata fedha ambayo bwana hakuweza kuifikia kwa urahisi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalozifanya baadhi ya familia zetu ziogope kuchunguza. Anayechimba nasaba yake kwa matumaini ya kukutana na sharifu au tajiri wa karafuu, akakutana na Mabruki aliyezaliwa Nyasa na kuandikwa kuwa ni mtu wa Unguja, huifunga daftari na kunyamaza. Naona ni msiba mtu kumwonea haya babu aliyefanya kazi kama ile na akalipwa kidogo kama kile, ilhali hatuwaonei haya waliowauza.

Sasa tuzungumzie karatasi zenyewe. Sheria ya Kiingereza ilimlazimu nahodha wa kila meli ya biashara iendayo ng'ambo kufanya mkataba na mabaharia wake kabla ya kung'oa nanga, mbele ya ofisa wa bandari au mbele ya balozi mdogo ikiwa ni nchi ya kigeni. Na katika mkataba huo yaliandikwa jina la kila mtu, umri wake, mahali alipozaliwa, cheo chake, ujira wake wa mwezi, siku na mahali alipopanda, siku na mahali alipoteremka, na sahihi yake, au msalaba kwa asiyejua kuandika kwa herufi za Kizungu, ingawa yumkini aliweza kusoma Kurani yote. Lakini katika safu zote hizo hakuna yenye manufaa kwa mtafutaji kuliko ile iliyouliza: meli gani uliitumikia kabla ya hii? Kwa safu hiyo moja mtu hushika meli aliyoijua familia, akaona ndani yake jina la meli iliyotangulia, akaiendea hiyo nayo akaona jina la iliyoitangulia, na hivyo akarudi nyuma safari baada ya safari mpaka afike bandari ambayo kijana alipanda kwa mara ya kwanza, akiwa hana meli ya kuitaja.

Kazi hiyo ina ugumu wake, na ni vema msomaji aujue kabla hajakata tamaa. Serikali ya Uingereza iliwahi kuwa na sijili za mabaharia wote kwa majina yao katikati ya karne ya kumi na tisa, kisha ikaona gharama ni kubwa, ikaziacha mwaka 1857, na haikuanza tena mpaka mwaka 1913. Tena kadi za miaka ile ya mwanzo, mpaka 1918, ziliharibiwa. Kwa hiyo aliyesafiri katika muda wa zaidi ya nusu karne, ambao ndio hasa muda wa Masidi na wa meli za kwanza za moshi katika bandari zetu, hapatikani kwa jina lake. Hupatikana kwa jina la meli tu, ila wa mwaka mmoja nitakaoutaja mwishoni. Ndiyo sababu nasema kwamba bibi kizee anayekumbuka jina la meli, hata kama amelipotoa kwa matamshi yake, ana thamani katika kazi hii kuliko mjukuu mwenye kompyuta. Na ukishalipata jina, tafuta nambari ya meli, kwa kuwa tangu mwaka 1855 kila meli ya biashara ya Kiingereza ilipewa nambari yake rasmi ambayo haikubadilika hata meli ikauzwa na kupewa jina jingine. Majina ya meli hurudiwarudiwa, nambari hairudiwi.

Na mikataba hiyo iko wapi? Hapa pana kisa cha ajabu. Karatasi zilipozidi nafasi, Waingereza walichagua sehemu moja ya kumi ya kuweka katika Hifadhi yao ya Taifa, ambayo sasa iko Kew, London. Makumbusho ya Bahari ya Greenwich yakachukua za mwaka 1861 na 1862 pamoja na za miaka inayoishia na tano, ila 1945. Na zilizobaki zilikuwa karibu kuteketezwa. Mwaka 1971 chuo kikuu cha Memorial, katika mji wa St. John's huko Newfoundland, Kanada, kilikubali kuzipokea, na leo kinashika kiasi cha asilimia 70 ya mikataba ya tangu 1863 hadi 1938, na ya tangu 1951 hadi 1976. Maana yake ni kwamba safari nyingi za mtu wa mtaa wa Malindi au wa Ng'ambo, aliyeingoja meli forodhani Unguja, zimehifadhiwa katika kisiwa cha ukungu na barafu ambacho huenda yeye mwenyewe hakukiona maishani mwake. Za miaka ya vita vikuu vya pili na baada yake kidogo, 1939 hadi 1950, ziko Kew.

Kwa aliyesafiri baada ya vita vya kwanza mambo ni mepesi zaidi. Tangu 1918 hadi 1941 kila baharia alikuwa na kadi zake: moja yenye jina, mahali na mwaka wa kuzaliwa, kimo, rangi ya macho na alama za mwilini, nyingine yenye orodha ya meli, zikitajwa kwa nambari zake, na tarehe. Na kwa miaka ya 1918 hadi 1921 kuna kadi za namna ya tatu, ambazo sasa zimo katika hifadhi ya mji wa Southampton, zenye picha ya baharia mwenyewe. Nimeona watu wazima wakijikaza wasilie mbele ya kadi za namna hiyo, na sikuwashangaa. Kwa kuwa wengi wa wazee wale hawakupigwa picha nyingine hata siku moja, na picha hiyo moja ilipigwa kwa amri ya serikali iliyotaka kuwajua ili iwadhibiti. Kama mzee alifariki baharini katika vita na hana kaburi, ukumbusho wa Tower Hill mjini London una majina ya mabaharia wa biashara na wavuvi karibu 12,000 wa vita vya kwanza na karibu 24,000 wa vita vya pili, na orodha yake husomwa bure.

Nyumbani nako hapana budi papekuliwe. Tangu mwaka 1900 baharia alipewa kitabu kidogo cha kuteremkia, alichokwenda nacho kutoka meli hadi meli, na ndani yake nahodha alipiga mihuri miwili kila mwisho wa safari, mmoja wa ustadi na mmoja wa tabia. Muhuri wa kawaida ulikuwa na maana ya “nzuri sana”, na asidanganyike mtu akadhani babu yake alikuwa hodari wa pekee, kwa sababu karibu kila mtu alipigwa huo. Wa kutazamwa ni ule ambao nahodha alikataa kusema lolote. Huo, kwa maneno yake ya adabu, ulikuwa hukumu: aliyekuwa nao hakupata meli nyingine kwa urahisi, na hakuwa na kadhi wa kumshitakia. Ukiuona katika kitabu cha mzee wako, usifanye haraka ya kumlaumu. Huenda aliiba, huenda alilewa, na huenda alidai chakula alichoahidiwa.

Hapa nafika mahali ambapo sina budi kuwaonya ndugu zangu, kwa maana karatasi hizi, pamoja na utajiri wake, zimejaa uongo, na si wote ni wa makarani. Karani aliandika alichosikia. Hamisi aliweza kuwa Khamis, Amis au Hames. Juma bin Ali aliweza kuandikwa Ali kana kwamba ndilo jina la ukoo, na safari ya pili akaandikwa Juma, na safari ya tatu akapewa lakabu na wenzake wa Kizungu ikaingia daftarini kama ndilo jina alilopewa na mamaye. Umri ulikadiriwa kwa macho. Mwenye kutafuta hana budi kutafuta jina kwa kila sura inayowezekana, na la baba pamoja na la mwana.

Lakini uongo ulio muhimu zaidi ni ule aliousema baharia mwenyewe, na alikuwa na sababu. Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, na mtu wa himaya alikuwa raia wa Sultani, mtu wa kulindwa, hakuwa raia kamili wa Mfalme wa Uingereza. Ilhali aliyezaliwa katika mji wa Aden, ambao ulikuwa milki yenyewe, alikuwa raia kamili. Katika bandari za Cardiff, Liverpool na South Shields, ambako mabaharia weusi na Waarabu walishambuliwa mitaani mwaka 1919 na kulaumiwa kwamba wanawanyang'anya Wazungu kazi, tofauti hiyo ilikuwa tofauti ya kula na kutokula. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa amri juu ya mabaharia wa rangi: asiyeweza kuthibitisha kwa hati kwamba ni raia wa Kiingereza aandikishwe polisi kama mgeni, na polisi wa bandari nyingine waliitumia hata kwa watu waliokuwa raia bila shaka. Amri hiyo ilidumu mpaka mwaka 1942. Ni nani basi atakayestaajabu akimkuta Msomali au Myemeni wa bara, au hata mtu wa mwambao wetu, ameandikwa kuwa ni mzaliwa wa Aden? Kwa hiyo nasema: ukikuta kwamba mtu aliyezaliwa Shela ameandikwa mtoto wa Aden, usiitupe kadi ukidhani ni ya mtu mwingine, wala usiigeuze nasaba ya ukoo mzima kwa ajili yake, linganisha kimo, alama, tarehe na mpangilio wa meli, kisha uhukumu.

Wangazija wanalo daftari lao jingine, na katika jambo hili wametutangulia. Wafaransa waliwaandikisha mabaharia wao tangu karne ya kumi na saba, zamani za waziri Colbert, na Wangazija waliofanya kazi katika meli za kampuni ya Messageries Maritimes, wengi wao katika matanuri, waliingia katika utaratibu huo; waliohamia Marseille na Dunkirk waliacha jamaa ambao hadi leo huwataja wazee hao kwa cheo chao cha ubaharia, na hawakioni kuwa cha chini. Nyaraka za kampuni hiyo zimehifadhiwa Le Havre. Sijui kwa nini jambo lililowezekana kwa Mngazija wa Marseille lisiwezekane kwa Mswahili wa Mombasa.

Atakayeuliza habari za mabaharia wa majahazi nitamjibu kwa huzuni kwamba hao hawana kitu cha namna hii. Nahodha wa jahazi aliandika madeni ya mabaharia wake na mafungu yao ya faida, daftari ikabaki nyumbani kwake, na mara nyingi ikaliwa na mchwa. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika bumu la Kuwait pamoja na nahodha Ali bin Nasir Najdi, wakafika Unguja na kuingia Rufiji kutafuta boriti, aliandika kitabu na kupiga picha ambazo sasa ziko Greenwich; na kwa kitabu hicho kimoja tunajua juu ya watu wa bumu lile zaidi ya tunavyojua juu ya maelfu ya wenzao waliokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Mchochea makaa wa meli, aliyedharauliwa na hata wana wa majahazi waliojiona ndio mabaharia wa kweli, ameachiwa na serikali kali na yenye hesabu ushahidi ambao mwana wa jahazi hakuachiwa na jamaa zake wenyewe.

Matakwa yangu kwa wakubwa wetu ni mepesi. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar ina majalada ya mirathi na ya ubalozi ambamo majina ya mabaharia waliofia ng'ambo yanaweza kutafutwa; yasomwe kwa nia hiyo, pamoja na majalada ya bandari yaliyoko Nairobi na Dar es Salaam. Kisha waandikiwe wenzao wa St. John's na Greenwich, waombwe nakala za mikataba ya meli zilizokuwa zikipita pwani yetu, kuanzia na za British India na za Union-Castle, na vijana wetu wa vyuo wanaoijua miji yetu na majina yetu wapewe kazi ya kuyatoa majina hayo katika tahajia za makarani na kuyarudisha katika tahajia zake. Mwingereza hawezi kulitambua jina la Mwinyimkuu lililoharibiwa na karani wa Cardiff. Mtoto wa Mji Mkongwe analitambua mara moja. Hiyo ni kazi ambayo fedha zake hazizidi za karamu moja ya serikali.

Na kwako msomaji: kabla hujaandika barua kokote, mwulize mkubwa aliye hai nyumbani kwenu jina la meli, fungua sanduku la bati, na nambari utakayoiona katika kitabu chochote cha safari uinakili kama ilivyo. Kisha anza na mwaka 1915, kwa sababu mikataba yote iliyosalia ya mwaka huo, yenye maandiko ya majina zaidi ya 750,000, imenakiliwa na kuwekwa katika intaneti, na kuisoma hakulipiwi. Na unapotafuta humo, usitafute kwa jina la mzee peke yake, tafuta pia kwa mahali pa kuzaliwa, Zanzibar, Mombasa, Lamu, na Aden vilevile.